Upepo ukivuma, nani ashike kiberiti?

Kama mlinuniana kidogo baada ya ile mada ya mwezi uliopita ya nani alipe kodi ya nyumba, naamini mmeshapatana. Mwezi huu tunaacha mambo ya sebuleni. Tunatoka nje, tena nje haswa: mlimani, kwenye hema, penye upepo wa kung'oa kofia.

Siku hizi ukimuuliza kijana wa mjini atakwenda wapi mapumziko, hakutajii tena ufukwe peke yake. Anakutajia Usambara. Anakutajia Uluguru. Anakwambia yeye na mchumba wake wanakwenda Kitulo, kila mmoja na begi lake mgongoni, hema moja, na kajiko kadogo kanakoingia ndani ya sufuria. Ni jambo zuri sana. Wazee wetu walisema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Mimi naongeza kidogo tu: ukitaka kumjua sawasawa, washa naye jiko penye upepo.

Najua umecheka. Lakini hebu fikiria. Nyumbani jiko likigoma, mnaagiza chipsi kuku na maisha yanaendelea. Kule mlimani hakuna wa kumpigia simu. Jua linazama, jasho la safari linageuka baridi mgongoni, tumbo linaunguruma, na kati yenu na kikombe cha chai kuna njiti moja ya kiberiti ambayo upepo unaizima kabla hujasema "tayari". Hapo ndipo sauti zinapobadilika. Hapo ndipo "mpenzi" anapogeuka kuwa "we bwana". Na hapo ndipo, kama nitakavyokueleza, watu wazima wenye akili zao hufanya uamuzi unaoweza kuwafanya wasiamke asubuhi.

JIONI MOJA KITULO

Tulikwenda Kitulo mwezi Julai, watu sita, yaani jozi tatu. Kwa wasiopajua, Kitulo ni uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, kwenye mikoa ya Mbeya na Njombe, kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na watu wanapaita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Ukipandia Chimala unapita ile barabara ya kona 57, ambayo jina lake ni hilohilo, Hamsini na Saba. Maua yenyewe unayakuta msimu wa mvua. Julai ni wakati wa baridi kali, ambapo usiku umande unaweza kuganda ukawa barafu juu ya nyasi. Kule juu ni nyasi kila upande, miti ya kukukinga huioni, na upepo unapita kama basi lililochelewa.

Jozi mojawapo ilikuwa ya rafiki yangu wa siku nyingi na mchumba wake, kijana wa benki, mtanashati, mcheshi, kila mtu anampenda. Shemeji huyu alikuwa amenunua jiko jipya la gesi, lile la kufunga juu ya kamtungi, na njia nzima tulisikia sifa zake. Tulipomaliza kusimamisha mahema akakataa msaada wa mtu yeyote. "Nyie pumzikeni, chai ni kazi yangu." Akapiga magoti pale palipo wazi, akaanza kuchana njiti. Moja. Mbili. Kumi. Kitufe cha cheche nacho kikawa kinalia ta, ta, ta, moto haushiki. Rafiki yangu akasogea, akamwambia kwa upole, "Baba, ngoja nikae upande huu nikukinge." Shemeji akajibu bila kugeuka, "Nimeshasema nitaleta chai. Wewe kaa."

Kiberiti kizima kikaisha. Giza likaanza kuingia. Rafiki yangu meno yanagongana. Ndipo shemeji akainuka, jiko mkononi, akasema, "Basi naliwasha ndani ya hema. Tunafunga zipu, upepo hauingii, na hema lenyewe litapata joto. Tena tutaliacha liwake kidogo mpaka tupate usingizi."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyanyua nilipokaa. Lakini rafiki yangu alinitangulia. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alisema, "Ukiliwasha humo ndani, mimi silali humo. Na wewe hulali humo."

Kimya. Unaujua ule ukimya ambao watu wanne kwa pamoja wanajifanya wanafunga kamba za viatu.

Aliyetutoa hapo ni askari wa hifadhi tuliyekuwa naye, mtu mzima, mpole. Hakumkosoa mtu. Alisema tu, "Kaka, huu upepo hauna adabu, haujui nani kasoma. Njoo huku." Akampeleka hatua kama ishirini, chini kidogo ya mteremko, nyuma ya mwamba, akachagua penye udongo mtupu. Akamwomba rafiki yangu achuchumae upande mmoja, mimi upande mwingine, migongo yetu kwenye upepo. Kisha akatoa kiberiti chake, wala hakuwasha yeye. Akampa shemeji. "Haya, sasa washa." Njiti ya pili ikashika.

Mpenzi msomaji, kwenye kile kitendo cha kurudisha kiberiti kuna somo la ndoa nzima. Lakini kabla hatujafika huko, tuelewane kwanza kuhusu huo upepo wenyewe, kwa sababu mapenzi peke yake hayachemshi maji.

UPEPO UNAFANYA NINI HASA

Wengi tunadhani kazi ya upepo ni kuzima moto tu. Kumbe ni zaidi. Kabla moto haujashika, upepo unaitawanya gesi isikutane na cheche. Moto ukishashika, upepo unaulaza pembeni, joto linakwenda kupasha hewa badala ya kupasha sufuria. Jiko linawaka, wewe unaliona linawaka, lakini maji yamenuna. Gesi mliyoipigia hesabu ya siku tatu inaisha mapema, na mnaanza kutafutana mchawi.

Kosa la kwanza la wengi ni kufungua gesi mpaka mwisho, wakidhani wanaushinda upepo kwa nguvu. Haisaidii. Gesi ikitoka kwa kasi kubwa inausukuma moto wenyewe kutoka mahali pake, na unaozimika kwa urahisi zaidi ni ule moto mkubwa uliotanda nje ya kitako cha sufuria. Fungua kidogo, washa, kisha ongeza taratibu.

Halafu kuna baridi. Gesi ya mitungi midogo huwa ni mchanganyiko wa butani, isobutani na propani. Butani ikiwa peke yake huacha kugeuka mvuke joto linapofika karibu na nyuzi sifuri, wakati isobutani huendelea mpaka chini ya nyuzi hasi 11 na propani mpaka nyuzi hasi 42. Kwa hiyo alfajiri yenye barafu, mtungi wa butani tupu unaweza kukataa kabisa hata kama umejaa. Soma maandishi ubavuni mwa mtungi kabla hujanunua, chagua wenye mchanganyiko, na asubuhi ukae nao ndani ya koti lako dakika chache kabla ya kuutumia. Ndani ya koti, siyo karibu na moto!

Na jambo la mwisho la sayansi, halafu nakuacha: kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi kama 91, siyo 100. Yanatokota vizuri tu lakini hayana ule moto wa Dar es Salaam. Maharage yaache nyumbani. Beba tambi, uji, viazi vya kukatwa vidogo, vitu vya dakika chache. Dada yangu, mkwe hakuoni huko, huna haja ya kupika pilau.

MAHALI KWANZA, KIBERITI BAADAYE

Watu wengi wakifika kambini wanaweka jiko pale walipotua begi. Subiri. Kwanza jueni upepo unatoka wapi. Rusha vipande vya majani makavu, au lowesha kidole uone upande upi unapoa. Kisha tafuteni kinga iliyopo tayari: mwamba, kingo ya udongo, mteremko wa upande wa pili. Hatua ishirini za kutembea zinaweza kuwaokolea nusu saa ya kugombana.

Angalieni na kilicho chini. Nyasi za kiangazi ni petroli yenye rangi ya dhahabu. Jiko likae juu ya udongo mtupu au jiwe bapa lisiloyumba, na maji ya akiba yawe karibu. Mkiwa hifadhini, muulizeni askari wapi panaruhusiwa kupika, na msikwanyue mimea ya watu kwa ajili ya chai yenu.

Kama hakuna mwamba, jengeni ukuta mdogo kwa mawe au mabegi kwa pande tatu, mabegi yakae mbali vya kutosha yasishike moto. Upande wa nne, ule usiotazama upepo, uachwe wazi ili moto upate hewa. Moto usiopata hewa nao hugeuka sumu, na hilo nitalirudia mbele.

JIKO LENYEWE

Majiko ya safari yapo ya aina nyingi, lakini yanayokutana na sisi wengi ni matatu.

La kwanza ni hilo la shemeji, la gesi, linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo. Jepesi, la haraka, halina masizi. Ila lina masharti. Usilizungushie kizuia upepo pande zote mpaka chini, maana joto litarudi kwenye mtungi, na mtungi wa gesi ukipata moto kupita kiasi unaweza kulipuka. Kinga upande wa upepo tu, na kila mara gusa mtungi: ukikuta hauushikiki kwa mkono, zima mara moja. Yapo majiko ya gesi ambayo mtungi unakaa pembeni umeunganishwa kwa mpira; hayo unaweza kuyazungushia kinga vizuri, kwa sababu mtungi uko nje ya duara. Na kumbuka, mitungi hii hairuhusiwi kwenye ndege, hata ndani ya begi kubwa. Ukiruka kwa ndege, hakikisha mapema utaipata huko uendako, la sivyo utafika na jiko zuri la kupigia picha.

La pili ni la spiriti. Wasweden wa Trangia walitoa mwaka 1951 seti yao ya kupikia kwenye dhoruba: kikombe cha spiriti kinakaa ndani ya kinga ya bati, na kinga ina matundu chini ambayo unayaelekeza upepo unakotoka. Yaani badala ya kugombana na upepo, unautumia kama kipepeo cha mkaa. Ni polepole kidogo kuliko gesi lakini hakuna kitu cha kuharibika. Hatari yake moja: mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Kamwe usiongeze spiriti kwa kuwa "unaona" umezimika. Subiri kikombe kipoe kabisa, uweze kukishika, ndipo umimine.

La tatu ni la mafuta ya taa la kupiga pampu, ukoo wa lile Primus lililobuniwa na Msweden Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892. Tenzing Norgay na Edmund Hillary walipofika kilele cha Everest mwaka 1953, msafara wao ulikuwa unatumia majiko ya Primus kuyeyusha theluji ya kunywa. Linahitaji kupashwa kwanza kwa spiriti kidogo kwenye kisahani chake mpaka mafuta yageuke mvuke, na kwenye upepo hicho kisahani ndicho kinachosumbua. Lakini likishawaka linanguruma kama pikipiki, na baridi haliliogopi.

Wale wanaosafiri na ule mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha jiko juu yake, hao wana gari. Kwa mgongo usithubutu.

KUWASHA KWA WATU WAWILI

Sasa tuwashe. Na nasema wawili kwa makusudi, kwa sababu mtu mmoja ana mikono miwili tu, na kazi hii inataka minne.

Wa kwanza ni mkingaji. Anachuchumaa upande wa upepo, mgongo kwenye upepo, koti limefungwa vizuri lisipepee kwenye moto, nywele zimefungwa, mtandio umewekwa kando. Nguo nyingi za safari ni za nailoni, na nailoni inayeyukia mwilini. Kwa hiyo anakinga kwa mgongo na kwa umbali, halilalii jiko.

Wa pili ni mwashaji. Kabla hajagusa kiberiti, sufuria iwe na maji na mfuniko wake uwe mkononi. Achane njiti mbili kwa pamoja ndani ya viganja vilivyokunjwa kama anayeteka maji, asubiri zishike vizuri, azisogeze kwenye kichwa cha jiko, ndipo afungue gesi kidogo sana. Moto kwanza, gesi baadaye. Kitufe cha cheche ni rafiki wa mchana mzuri. Penye unyevu na mwinuko mkubwa mara nyingi kinakataa, kwa hiyo kiberiti cha njiti na cha gesi vyote viwepo, kila mmoja wenu abebe chake, ndani ya mfuko wa plastiki, karibu na mwili. Kiberiti cha gesi kikipoa sana nacho hugoma, kipashe kwapani.

Moto usiposhika ndani ya sekunde chache, funga gesi. Narudia, funga. Msubiri kidogo, mpepee pale mahali, ndipo mjaribu tena. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji, na pale penye kinga nzuri ndipo inapotuama vizuri zaidi. Ukiendelea kuchana njiti huku gesi inatoka, itakayoshika ya kumi na moja inaweza kuondoka na nyusi zako.

Moto ukishashika, mfuniko juu, mwali usizidi kitako cha sufuria, na pika kidogo kidogo. Vikombe viwili vya chai kwanza. Mtu aliyekunywa chai ya moto anasameheka kwa urahisi zaidi, na anasamehe kwa urahisi zaidi.

HEMA SI JIKO

Hapa nataka tuache utani.

Kitu chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha, iwe gesi, spiriti, mafuta ya taa au mkaa, hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unaendelea kupumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Sasa niambie, nani aliyetembea siku nzima mlimani asiyejisikia hivyo? Ndiyo maana inaua. Mtu anadhani amechoka, anajilaza, hainuki. Sisi wenyewe tunazijua habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa kwa ajili ya baridi. Hema lililofungwa zipu ni chumba hichohicho, tena kidogo zaidi, tena cha kitambaa kinachoshika moto kwa dakika.

Usidhani ni ushamba. Mwaka 1934, Mmarekani Richard Byrd, mpelelezi maarufu, alikaa peke yake miezi kadhaa kwenye kibanda kilichozikwa katika barafu ya Antaktika, karibu kilomita 200 kutoka kambi kuu ya wenzake. Jiko lake lilikuwa linavujisha moshi kwenye viungo vya bomba, na jenereta ya redio nayo ikaongeza wake. Gesi hiyo ikawa inamwua polepole. Na unajua alifanya nini? Aliwaficha wenzake. Kwenye redio alisema yuko salama, hakutaka wahatarishe maisha kumfuata gizani. Waliomwokoa waligundua kutokana na jinsi alivyokuwa anatuma ujumbe wake: ulianza kuwa wa ovyo ovyo, haueleweki. Watu watatu wakamfikia mwezi Agosti, wakamkuta amedhoofika vibaya. Alipona, na baadaye akayaandika mwenyewe katika kitabu chake "Alone" cha mwaka 1938.

Nimekutolea mfano wa mbali hivyo kwa sababu moja. Jemadari kama yule aliokolewa na watu waliomzoea kiasi cha kusikia kuwa sauti yake leo siyo ya jana. Wewe na mwenzio mkiwa milimani, hiyo redio ni nyinyi. Ukimwona anaongea ovyo, anajikwaa, kichwa kinamuuma na jiko liko karibu, usimwulize mara tatu kama yuko sawa, maana atakujibu yuko sawa. Mtoe nje, penye hewa, sasa hivi, zima jiko, na tafuteni msaada.

Basi upepo ukizidi kabisa mfanyeje? Msiwashe. Hilo nalo ni jibu. Kila begi liwe na chakula kisichohitaji moto: mkate, karanga, tende, ndizi. Chupa ya chai ijazwe mchana, wakati mmepata kinga nzuri njiani. Na kama mnataka joto la kulalia, chemsheni maji nje, jazeni kwenye chupa ya maji isiyovuja na inayohimili moto, ivisheni soksi, mlale nayo miguuni. Joto lile lile alilolitaka shemeji, bila jeneza.

SASA TURUDI KWENYE MAPENZI

Baada ya ile chai ya Kitulo, shemeji alikula kimya. Rafiki yangu naye hakumsema, wala hakutuangalia sisi kwa lile jicho la "mmeona?". Asubuhi yake, nyasi nyeupe kwa barafu, niko ndani ya hema langu najikunyata, nikasikia sauti ya kiume nje inaita taratibu, "Mama, njoo unikinge." Nikajua hapa kuna nyumba.

Tazama walichofanya wote wawili. Dada alisema "silali humo", hakusema "wewe huwezi kitu". Alilikataa jambo, hakumkataa mtu. Wapo dada ambao pale wangemaliza kila kitu, wangekumbusha na jenereta lililomshinda Krismasi, na lile gari lililozimika mbele ya wakwe. Kaka angewasha jiko ndani ya hema kwa hasira tu. Na wapo dada ambao wangenyamaza, waingie, walale, kwa kuogopa kumwaibisha mbele ya watu. Nisikilize vizuri mdogo wangu: uhai haulindwi kwa aibu. Kwenye jambo la uhai sema mara moja, sema wazi, na usirudi nyuma.

Kwako kaka. Kukingwa siyo kudharauliwa. Hivi unajua upepo una nini? Unakuzuia kusikia. Umeinama, masikio yanavuma, unadhani uko peke yako duniani na hiyo njiti, kumbe nyuma yako yuko mtu ameshanyoosha koti anasubiri tu umwambie ndiyo. Na yule askari alikufundisha kitu kingine: ukimsaidia mwanaume mwenzio, mrudishie kiberiti.

Kwa hiyo kabla ya safari ijayo, kubalianeni mambo matatu, tena mkiwa mmeshiba. Kwanza, nani mkingaji na nani mwashaji, na kesho yake mnabadilishana, ili kila mmoja ajue uzito wa kazi ya mwenzake. Pili, njiti tano zikizimika, mnahama mahali, hakuna kubishana. Tano, siyo kiberiti kizima. Tatu, yeyote kati yenu akisema "hapa hapana", jiko linazimwa kwanza, maswali yanafuata baadaye. Hakuna kura, hakuna "unaogopa nini".

Na kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni hii. Jumamosi jioni, toeni hilo jiko jipya kwenye boksi, mkaliwashe uani au barazani, upepo unavyopita. Lifungeni, lipakeni maji ya sabuni kwenye maungio muone kama kuna mapovu, maana povu ni dalili kuwa gesi inavuja. Chemsheni maji ya vikombe viwili, mhesabu dakika. Mkigombana hapo uani, afadhali. Taksi ziko nje, na chipsi kuku zinaletwa hadi mlangoni.

Mpaka mwezi ujao, tunzaneni. Na huyo anayejitolea kukukinga, msogezee nafasi.